Kadibodi ya Senti 25 na Taifa la Wachambua Chenji

Mwaka 1934, Marekani ikiwa bado imebanwa na Mdororo Mkuu wa uchumi, mtu mmoja wa mji mdogo wa Neenah, jimbo la Wisconsin, aliingiza sokoni kitu ambacho kwa macho hakikuwa na thamani yoyote. J. K. Post alichukua kadibodi yenye ukubwa wa inchi 11 kwa 14, akaitoboa matundu yanayotosha senti moja kila moja, na chini ya kila tundu akachapisha mwaka na herufi ya kiwanda kilichotengeneza sarafu hiyo. Basi. Anayeinunua alipewa kazi moja tu: kuyajaza matundu yote kwa senti anazopokea dukani, kwenye basi na kwa jirani.

Kadibodi hiyo iliuzwa kwa senti 25, na iliwafaa watu wa wakati ule kwa sababu ya wazi kabisa. Kazi hazikuwepo, jioni zilikuwa ndefu, na mchezo huu haukudai mtaji. Senti iliyowekwa kwenye tundu ilibaki kuwa senti. Siku unga ukiisha ndani, mtoto angeweza kuibandua na kwenda nayo dukani. Kampuni ya Whitman ya mji wa Racine, jimbo hilohilo, ambayo ndiyo iliyokuwa ikimchapia Post kazi zake, iliona inakoelekea biashara hiyo ikainunua. Baadaye kadibodi ikageuzwa kuwa jalada la bluu linalokunjwa na kupangwa rafuni kama kitabu, na vizazi vya watoto wa Kimarekani vikakua nalo.

Kukusanya sarafu kulikuwepo tangu zamani, ila kulikuwa kwa watu wengine. Mwaka 1857 serikali ya Marekani ilipoacha kutengeneza senti kubwa za shaba na kuleta ndogo, baadhi ya wenye nafasi walianza kuzitafuta zile kubwa kabla hazijapotea, na mwaka uliofuata chama chao kikaundwa New York. Mwaka 1893 mchoraji Augustus Heaton alichapisha kijitabu kuhusu herufi ndogo zinazoonyesha kiwanda, akawaonyesha wenzake kwamba sarafu mbili za mwaka mmoja zinaweza kutofautiana sana kwa uhaba kwa sababu moja ilitoka Philadelphia na nyingine San Francisco. Hayo yote yalikuwa mazungumzo ya mabwana wenye makabati ya mbao na droo za mahameli. Post hakuvumbua elimu hiyo. Alichofanya ni kuichukua, kuichapisha chini ya matundu, na kuikabidhi kwa mtu asiye na kabati.

Senti aliyoichagua ilikuwa imeshajiandalia njia. Tarehe 2 Agosti 1909, miaka 100 baada ya kuzaliwa kwa Abraham Lincoln, serikali ilitoa senti mpya yenye sura yake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa sarafu ya kawaida ya Marekani kubeba sura ya mtu halisi aliyewahi kuishi. Mchongaji wake, Victor David Brenner, mhamiaji kutoka Lithuania, aliweka herufi za jina lake, V.D.B., chini kabisa ya upande wa nyuma, kati ya mabua mawili ya masuke ya ngano. Magazeti yalilalamika kwamba herufi hizo zimezidi ukubwa na ni kujitangaza. Ndani ya siku chache zikaondolewa. Wakati huo kiwanda cha San Francisco kilikuwa kimeshatengeneza vipande 484,000 vyenye herufi hizo na alama yake ya S.

Vipande hivyo ndivyo vilivyokuja kuwatesa wenye kadibodi. Tundu la 1909-S V.D.B. lilikuwa juu kabisa, mahali ambapo kila mgeni hulitupia jicho kwanza, na kwa watu wengi lilibaki tupu mpaka mwisho. Yalikuwepo mengine magumu: 1914 ya Denver, 1931 ya San Francisco, na ile ya ajabu ya 1922. Mwaka huo senti zote za Marekani zilitengenezwa Denver peke yake, lakini baadhi ya chapa zilichoka kiasi kwamba herufi D ikafifia au kutoweka kabisa. Senti ya 1922 isiyo na herufi ni mtoto wa chuma kilichochoka, na watu huilipia mamia ya dola kwa sababu hiyo hiyo.

Si kila kilichotafutwa kilikuwepo. Katika miaka ya 1930, B. Max Mehl, mfanyabiashara wa sarafu wa Fort Worth, Texas, alimwaga matangazo magazetini na redioni akiahidi dola 50 kwa yeyote atakayemletea sarafu ya senti 5 ya mwaka 1913 yenye sura ya Liberty. Dola 50 wakati ule zilikuwa mshahara wa wiki kadhaa. Inasimuliwa kwamba makondakta wa tramu walichelewesha abiria wakipekua mikoba yao ya nauli. Ukweli ni kwamba vipande hivyo vilikuwa vitano tu duniani, vilitoka kiwandani Philadelphia kwa njia isiyo rasmi, na havikuwahi kuingia sokoni hata siku moja. Mehl alijua alichokuwa akikifanya: alikuwa akiuza katalogi za bei. Lakini tangazo lake liliwafanya watu wa kawaida, ambao hawakuwa na haja na historia ya sarafu, waanze kugeuza kila kipande upande wa pili kabla ya kukitia mfukoni.

Miaka kumi baadaye bahati ikawa ya kweli. Mwaka 1943 shaba ilihitajika kwa ajili ya risasi za Vita Kuu ya Pili, kwa hiyo senti zikatengenezwa kwa chuma kilichopakwa zinki, zaidi ya vipande bilioni moja. Watu walizichukia. Zilipata kutu, na zilifanana mno na sarafu ya senti 10. Lakini mwanzoni mwa mwaka huo vipande vichache vya shaba vilivyokuwa vimesalia mitamboni vilipigwa chapa ya 1943 bila mtu kujua.

Mwaka 1947, Don Lutes, kijana wa miaka 16 katika mji wa Pittsfield, Massachusetts, alipokea kimoja kwenye chenji ya chakula shuleni. Alikuwa mkusanyaji, hivyo aliona mara moja kwamba rangi na mwaka havipatani. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba Henry Ford angempa gari jipya yeyote mwenye senti ya namna hiyo. Kijana akauliza kampuni ya Ford; akajibiwa kwamba uvumi huo si kweli. Akauliza Hazina ya Marekani; akajibiwa kwamba senti zote za 1943 ni za chuma. Akairudisha kwenye mkusanyiko wake, akakaa nayo zaidi ya miaka 70. Mwezi Januari 2019, miezi michache baada ya kifo chake, iliuzwa mnadani kwa dola 204,000, na fedha hizo zikaenda kwenye maktaba ya mji wake.

Mpaka leo anayedhani amepata ya pili huambiwa kwanza achukue sumaku. Senti ikinasa, ni chuma kilichopakwa shaba na mjanja. Isiponasa, hatua inayofuata ni kuichunguza tarakimu ya mwisho, maana wako walioichukua senti ya 1948 wakaikata nane upande mmoja ikawa tatu.

Mfano wa 1955 ni mzuri zaidi, kwa sababu unaonyesha jinsi kosa la kiwandani linavyofika mkononi mwa mtu. Chapa moja huko Philadelphia ilitengenezwa vibaya, maandishi na mwaka vikatoka mara mbili, waziwazi, bila kuhitaji lenzi. Kosa lilipogunduliwa, zaidi ya vipande 20,000 vilikuwa vimeshachanganyika na mamilioni ya senti nzima. Wasimamizi walikuwa na hiari ya kuyeyusha zote au kuziachia. Wakaziachia. Wakati huo pakiti ya sigara kwenye mashine iliuzwa senti 23, na mashine ilipokea robo dola tu, kwa hiyo senti mbili za chenji zilitangulizwa ndani ya nailoni ya pakiti. Wavutaji wa New York na majimbo ya jirani wakajikuta wakifungua sigara na kukutana na 1955 iliyoandikwa mara mbili.

Hiyo ndiyo ilikuwa enzi ya neema, na iliisha kwa sahihi moja. Bei ya madini ya fedha ilikuwa ikipanda, na sarafu za senti 10, robo dola na nusu dola zilikuwa na asilimia 90 ya madini hayo. Chenji ikaadimika madukani. Maofisa wa kiwanda cha sarafu waliwalaumu wakusanyaji, wakafika mahali pa kuondoa herufi za viwanda kwenye sarafu zote za 1965 hadi 1967 ili kuwakatisha tamaa. Tarehe 23 Julai 1965 Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria iliyoondoa fedha kabisa kwenye senti 10 na robo dola, na kuipunguza hadi asilimia 40 kwenye nusu dola. Aliwahakikishia wananchi kwamba hakutakuwa na faida ya kuficha sarafu za zamani. Wananchi hawakumsikiliza, na walifanya hesabu sahihi kuliko yeye. Mnamo Julai 1967 Hazina iliacha kuishikilia bei ya fedha kwenye dola 1.29 kwa aunsi, na kabla muongo haujaisha sarafu za 1964 kurudi nyuma zilikuwa zimetoweka kwenye droo za maduka.

Tangu hapo mtafutaji hangoji tena chenji imjie, anaifuata benki. Anaagiza sanduku la senti lenye mabunda 50, kila bunda senti 50, jumla dola 25. Anachana karatasi, anamwaga mezani, anatandaza kwa kiganja. Upande wa nyuma ukiwa na masuke ya ngano, ni ya 1958 au kabla. Za 1982 anazipima kwenye mizani, kwa kuwa katikati ya mwaka huo shaba ilipunguzwa na zinki ikachukua nafasi: ya shaba ina gramu 3.11, ya zinki 2.5. Mwenye uzoefu hahitaji mizani, anaidondosha mezani tu. Ya shaba inalia, ya zinki inatoa kishindo kifupi kisicho na mlio. Kwa nusu dola anatazama ukingo: mstari mwekundu wa shaba ukikosekana, moyo unaanza kwenda mbio. Zilizobaki anazifunga tena na kuzirudisha benki, thamani ileile aliyotoa nayo.

Mchezo huu usingewezekana bila jambo moja ambalo Wamarekani wenyewe hawalitaji sana: serikali yao haina desturi ya kuzifuta sarafu za zamani. Senti ya 1909 ni halali leo dukani. Afrika Mashariki historia ilikwenda kinyume. Pesa za Sultani Barghash wa Zanzibar, rupia na heller za Wajerumani, senti za Bodi ya Fedha ya Afrika Mashariki iliyoundwa London mwaka 1919, kila moja iliondolewa sokoni utawala ulipobadilika, na baada ya benki kuu za Tanzania, Kenya na Uganda kuanza kazi mwaka 1966 zile za Bodi nazo zikakusanywa. Ndiyo maana anayetafuta senti 10 yenye tundu ya mwaka 1936 huipata kwenye kopo la bibi au kwa sonara, na hawezi kuipata kwenye chenji ya daladala. Ni hasara, kwa sababu sarafu ile inastahili kuguswa na wengi. Ina jina la Mfalme Edward VIII, aliyejiuzulu Desemba mwaka huohuo bila kutawazwa. Uingereza kwenyewe hakuna sarafu yake iliyoingia sokoni, lakini hapa tundu la katikati halikuacha nafasi ya sura, jina peke yake lilitosha, na kazi ikaendelea. Mama aliyenunua chumvi Tabora au Kisumu alishika jina ambalo muuza samaki wa London hakuwahi kulipokea.

Kiwanda cha Marekani kilijifunza hatimaye kumpenda mchambuzi wa chenji. Kuanzia 1999 kilitoa robo dola za majimbo 50, tano kila mwaka, na mamilioni ya watu wasio wakusanyaji wakanunua ramani za kadibodi za kuzipangia. Mwaka 2019 kikaenda mbali zaidi: kilitengeneza robo dola zenye herufi W ya kiwanda cha West Point, milioni mbili kwa kila mchoro kati ya mitano, na kuzichanganya kimyakimya na nyingine kabla ya kuzipeleka benki. Uhaba wa makusudi hauna utamu wa kosa la 1955, lakini uliwarudisha watu kwenye droo za chenji.

Tarehe 12 Novemba 2025, huko Philadelphia, zilipigwa senti za mwisho za matumizi ya kawaida, miaka 232 baada ya zile za kwanza za 1793. Kutengeneza moja kulikuwa kumefikia zaidi ya senti tatu. Zilizopo zimebaki halali, na maagizo ya masanduku yanaendelea pale ambapo benki bado zinazo. Wanachokitazama sasa watafutaji ni kanuni ya Desemba 2006 inayokataza kuyeyusha senti na kuzisafirisha nje kwa wingi. Wapo waliokwisha kujaza ndoo kwa senti za shaba za kabla ya 1982, zenye shaba ya thamani kubwa kuliko senti moja, wakisubiri siku katazo hilo litakapoondolewa. Likiondolewa, zitayeyushwa kwa tani, na ndani yake zitakuwemo za masuke ya ngano ambazo hakuna aliyezigeuza upande wa pili.