Wimbo wa Aliyeachwa



Mwaka 1948, mjini Léopoldville, ambao leo twauita Kinshasa, Wendo Kolosoy, aliyewahi kuwa fundi wa mitambo katika meli za mtoni, alirekodi wimbo wa mapenzi uitwao "Marie-Louise" pamoja na mpiga gitaa Henri Bowane. Uvumi ukaenea kwamba wimbo huo ukipigwa usiku wa manane huwaamsha wafu. Viongozi wa Kanisa waliuona kuwa wa kishetani. Masimulizi ya maisha ya Wendo yanasema kwamba alitengwa na Kanisa, na kwamba alifungwa kwa muda hapa hapa Stanleyville, mji wetu wa Kisangani.

Leo hofu ile yaweza kutuchekesha. Hata hivyo, swali lililokuwa nyuma yake lingali hai: wimbo wa mapenzi na wa kuachwa humfanyia nini anayeusikiliza?

Nyimbo za namna hiyo si za Kongo peke yake. Huko Buenos Aires, bandari kuu ya Argentina, Carlos Gardel alirekodi mwaka 1917 tango iitwayo "Mi noche triste", maombolezo ya mwanamume aliyeachwa na mpenzi wake. Miji hiyo miwili ilifanana kwa jambo moja. Buenos Aires ilijaa wahamiaji kutoka Ulaya. Léopoldville ilijaa vibarua kutoka mikoani. Na kote kuwili wanaume walikuwa wengi kuliko wanawake. Aliyeumizwa alikuwa mbali na wazazi na ukoo. Hakuwa na baraza la wazee la kupelekea mashtaka yake, basi akayapeleka kwenye wimbo.

Hapo ndipo penye faraja, na hapo ndipo penye hatari. Afadhali mtu alie kwa gitaa kuliko ashike kisu. Lakini wimbo wa usaliti ni ushahidi wa upande mmoja: anayeimba analia, na anayeshtakiwa hayupo kujibu. Kwa kuwa waimbaji wengi walikuwa wanaume, mara nyingi mshtakiwa alikuwa mwanamke, naye akaitwa mwenye tamaa au asiye na shukrani.

Mwaka 1985 Franco Luambo, akiimba na Madilu System, aliigeuza kesi hiyo. Katika "Mario", mwenye lawama ni kijana msomi asiyetaka kufanya kazi, anayeishi kwa mali ya mwanamke aliyemzidi umri, hata mwanamke huyo akachoka naye. Wanawake wenyewe nao walikuwa wamekwisha kushika kipaza sauti. Abeti Masikini, aliyezaliwa mjini mwetu mwaka 1954, aliimba katika ukumbi wa Olympia, Paris, mwaka 1973.

Mwaka 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo katika urithi wa wanadamu, kama ilivyoiandika tango mwaka 2009. Urithi hupokewa kwa akili. Wahenga walisema: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Tumhurumie anayelia katika wimbo, tusikimbilie kumlaani kama ilivyotendeka zamani. Lakini kabla ya kutoa hukumu, tuulize yule asiyesikika angesema nini.

Kwa mazungumzo ya kikundi: Ulipoumizwa na uliyempenda, uliisimulia habari hiyo kwa nani? Je, uliusimulia pia upande wake?