Kutoka Kibaba hadi Seti: Historia ya Zoezi la Hisabati katika Shule ya Msingi Tanzania

Utangulizi

Historia ya elimu nchini Tanzania kwa kawaida huandikwa kwa kufuata sera, maazimio na idadi ya wanafunzi walioandikishwa. Zoezi ambalo mwanafunzi hulinakili kutoka ubaoni hutajwa kwa nadra, kana kwamba ni chombo kisicho na historia yake. Insha hii inashikilia mtazamo tofauti. Inadai kwamba zoezi la hisabati ni ushahidi wa kihistoria, kwa kuwa linaonesha iwapo mwanafunzi alitarajiwa kuelewa sababu ya kanuni au kuifuata tu. Katika miaka ya 1960 zoezi hilo lilikumbwa na mabadiliko matatu kwa pamoja: ya maudhui, ya vipimo na ya lugha. Hoja ya insha hii ni kwamba lengo lililotangazwa na mageuzi ya maudhui, yaani kumfanya mtoto aelewe sababu, lilisaidiwa zaidi na badiliko la lugha kuliko na maudhui yenyewe.

Hesabu kabla ya mageuzi

Hesabu haikuletwa na shule. Katika mwambao na bara, nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, ambapo vibaba 4 hufanya pishi 1. Urefu ulipimwa kwa mwili wa binadamu: shibiri 2 ni dhiraa 1, na dhiraa 4 ni pima 1. Mgawanyo wa mirathi kwa sheria ya Kiislamu ulihitaji ujuzi wa sehemu, na ndiyo maana Kiswahili kilikuwa tayari na maneno kama nusu, thuluthi, robo, sudusi na thumuni. Majina ya namba nayo yanaonesha makutano ya tamaduni. Moja, mbili, tatu, nne na tano ni ya Kibantu, ilhali sita, saba na tisa yametokana na Kiarabu. Neno la kale la tisa, yaani kenda, bado linafahamika, na saba ya kale imebaki katika fungate ya harusi.

Chini ya utawala wa Waingereza, mazoezi ya shuleni yalijengwa juu ya vipimo vingine: inchi 12 kwa futi, futi 3 kwa wari, shilingi 20 kwa pauni. Sehemu kubwa ya muda wa mwanafunzi ilitumika kubadili kipimo kimoja kuwa kingine. Zoezi la namna hiyo lilidai kumbukumbu na usahihi. Swali la kwa nini kanuni inafanya kazi halikuwa na nafasi kubwa.

Entebbe na Hisabati Mpya

Baada ya Umoja wa Kisovieti kurusha Sputnik mwezi Oktoba 1957, Marekani iliingiwa na hofu ya kuachwa nyuma kisayansi. Mwaka 1958 kilianzishwa kikundi cha kuandika upya vitabu vya hisabati vya shule nchini humo, kikiongozwa na Edward Begle. Mtindo uliotokea uliitwa Hisabati Mpya. Ulianza na seti, ukasisitiza sifa za namba, na ukataka mwanafunzi aone muundo kabla ya kukariri kanuni.

Mtindo huo ulifika Afrika haraka. Mwaka 1962 taasisi ya Educational Services Incorporated ya Massachusetts iliandaa warsha mjini Entebbe, Uganda, chini ya uongozi wa William Ted Martin, profesa wa hisabati. Wataalamu wa Marekani, Uingereza na nchi kadhaa za Afrika, Tanganyika ikiwamo, walikaa pamoja wakaandika vitabu vya wanafunzi na miongozo ya walimu kwa Kiingereza. Warsha ziliendelea katika miaka iliyofuata, baadaye zikahamia Mombasa.

Ili kuelewa kilichotarajiwa, tuchukue zoezi la 4 × 13. Kwa mtindo wa zamani mwanafunzi alisema: 4 mara 3 ni 12, andika 2, peleka 1, 4 mara 1 ni 4, ongeza 1, ni 5. Jibu ni 52, lakini ile 1 inayopelekwa haikuelezwa ni kitu gani. Kwa mtindo mpya aliandika 4 × (10 + 3) = 40 + 12 = 52, akaona kwamba 1 iliyopelekwa ilikuwa 10. Hapana shaka kwamba hili lilikuwa jambo jema.

Tatizo lilikuwa mahali pengine. Mwalimu ambaye mwenyewe alifundishwa kwa kanuni alikabidhiwa alama na istilahi za seti, mara nyingi bila mafunzo ya kutosha, na akazifundisha kama alivyofundisha kanuni za zamani: zikaririwe. Nchini Kenya, serikali iliiondoa Hisabati Mpya shuleni mwaka 1981. Lawama zilielekezwa kwa ugumu wa maudhui.

Utafiti uliotokana na mradi huohuo ulikuwa umetoa onyo mapema. John Gay na Michael Cole, waliofanya kazi miongoni mwa Wakpelle wa Liberia, walichapisha kitabu chao mwaka 1967. Walionesha kwamba Wakpelle watu wazima walikadiria idadi ya vikombe vya mchele kwa usahihi kuliko Wamarekani. Watu hao hawakukosa hisabati. Kilichokosekana ni daraja kati ya hisabati yao na ile ya darasani.

Mwaka 1967 na daraja la lugha

Nchini Tanzania daraja hilo lilipatikana kwa njia ambayo waandishi wa Entebbe hawakuipanga. Mwaka 1967, mwaka wa Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika madarasa yote ya shule za msingi. Kabla ya hapo madarasa ya juu yalifundishwa kwa Kiingereza. Vipimo vya metriki navyo vilikuwa vikichukua nafasi ya futi na ratili. Mwalimu wa wakati huo alilazimika kuandika upya karibu kila andalio la somo.

Istilahi zilizotumika zinastahili kuangaliwa kwa makini. Namba zinazogawanyika kwa 2 ziliitwa shufwa na zisizogawanyika ziliitwa witiri, maneno yenye asili ya Kiarabu ambayo Mwislamu huyasikia pia katika majina ya sala za usiku. Namba kama 7 au 13, isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, iliitwa namba tasa. Mtoto wa kijijini anajua maana ya mbuzi tasa. Akiambiwa kwamba 13 ni tasa, ameshapata nusu ya maelezo, na mwalimu anaweza kuendelea: vijiti 13 havipangiki katika safu sawa, isipokuwa safu moja ya vijiti 13 au safu 13 za kijiti kimojakimoja. Hapa jina lenyewe linafanya kazi ya kufundisha. Aidha, vihesabio vya visoda, mbegu na vijiti viliweza kuelezwa kwa lugha ileile inayotumika sokoni.

Mpaka wa kidato cha kwanza

Hata hivyo, daraja hilo lina mwisho. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika katika shule za sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa.

Mwandishi wa insha hii alipofundisha kidato cha kwanza, alitoa jaribio lililomtaka mwanafunzi aorodheshe namba tasa zilizo chini ya 20, swali likiwa kwa Kiingereza. Binti mmoja aliacha nafasi tupu. Alipoulizwa baadaye kwa Kiswahili, alizitaja zote 8 bila kusita, kisha akaeleza kwa nini 1 haimo. Katika daftari la alama alikuwa tayari amepata sifuri. Sifuri hiyo haikupima hisabati yake. Ilipima umbali kati ya majina mawili ya kitu kimoja.

Hitimisho

Insha hii haidai kwamba Kiswahili peke yake kinatosha. Mwalimu asiyejua sababu hawezi kuieleza kwa lugha yoyote. Wala haidai kwamba waliokutana Entebbe walikosea lengo. Walitaka mtoto aulize kwa nini, na walikuwa sahihi. Kinachooneshwa na historia hii ni kwamba swali la kwa nini huulizwa kwa lugha ambayo mtoto anaimiliki. Mjadala wa lugha ya kufundishia umezoeleka kuendeshwa kama suala la utaifa au la ajira. Mazoezi ya hisabati yanatukumbusha kwamba ni suala la haki pia, kwa kuwa kila mwaka wapo wanafunzi wanaohesabiwa kuwa hawajui jambo wanalolijua. Mtaala wowote mpya utakaoandikwa hauna budi kuanza na kukiri hilo.