Mhariri wa Mipakani

Ukishauacha mji wa Athi River, barabara ya Namanga inakuingiza Kitengela, kisha Isinya, Kajiado, Bisil, na mwisho mpakani. Hadi miaka ya 1980 Kitengela ilikuwa malisho ya ranchi ya jamii ya Wamaasai. Ranchi ikagawanywa, viwanda vya EPZ vikaja Athi River, na magorofa yakaota pale walipokuwa wakipita pundamilia. Leo malori ya Arusha yanapumulia watu mgongoni katikati ya mji. Ila kabla ya malori ya saruji na vitunguu, njia hii ilipitisha bunduki.

Mpaka wenyewe ulichorwa Ulaya. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mstari kutoka pwani hadi Ziwa Victoria, ukapindishwa ili Kilimanjaro ubaki kwa Wajerumani, na Wamaasai wakaachwa pande zote mbili. Vita Vikuu vilipozuka mwaka 1914, Kajiado ilikuwa stesheni ya reli iliyotoka Konza kwenda kwenye magadi, na kusini yake ilianza nyika kavu hadi Namanga. Usiku wa kuamkia Novemba 3, wanajeshi wa Uingereza wapatao 1,500, wengi wao Wapunjabi kutoka India, waliupanda mlima Longido, ng'ambo ya mpaka, gizani ili wawavamie Wajerumani alfajiri. Ukungu ukawapoteza, risasi zikawanyeshea kutoka pande mbili. Nyuma yao Wajerumani waliuvamia msafara wa nyumbu kama 100 waliobeba maji, na jeshi lisilo na maji kwenye nyika ile lina kazi moja tu. Jua lilipotua wakateremka na kurudi walikotoka, mikono mitupu.

Maofisa wa Kiingereza waliziandika kumbukumbu zao. Mwenye duka wa Kihindi, karani, mke wa mwenye duka, hao nani aliwaandika? Kwa eneo hili la mpakani jibu lilichelewa miaka 80, na lilitoka Toronto.

Moyez Vassanji, ambaye vitabu vyake humwita M. G. Vassanji, alizaliwa Nairobi Mei 1950 katika familia ya Wahindi Waismailia. Baba alifariki mtoto akiwa bado mdogo. Mama akawahamishia wanawe Dar es Salaam na kuwalea kwa duka la nguo. Kijana alikuwa hodari wa hesabu. Mwaka 1970 alipata nafasi MIT, Marekani, vyuo vya huko vikiwa vinachemka kwa maandamano ya kupinga vita vya Vietnam, na baadaye akachukua shahada ya uzamivu ya fizikia ya nyuklia katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Mwaka 1978 akaingia Kanada, akaanzia kwenye kituo cha nishati ya atomu cha Chalk River, kisha Chuo Kikuu cha Toronto. Miaka ile ya Marekani aliirudia katika riwaya ya *Amriika* mwaka 1999. Kwangu mimi si kazi yake bora.

Kilichombadilisha, naona, ni uhariri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 yeye na mkewe, Nurjehan Aziz, walianzisha jarida la *The Toronto South Asian Review*. Mchana alikuwa mtafiti wa fizikia. Saa nyingine zilikwenda kwenye miswada ya watu waliotoka India, Pakistan, Sri Lanka, Karibi na Afrika Mashariki, waandishi ambao wachapishaji wakubwa hawakuwa na rafu ya kuwaweka. Jarida likazaa shirika la vitabu la TSAR, ambalo sasa linaitwa Mawenzi House, jina la kilele cha pili cha Kilimanjaro. Mwaka 1989 riwaya yake ya kwanza, *The Gunny Sack*, ilitoka, na fizikia akaiaga.

Soma riwaya zake ukiikumbuka kazi hiyo ya jarida. Mara nyingi msimulizi ni mtu aliyerithi makaratasi ya wengine naye anajaribu kuyapanga. Katika *The Gunny Sack* ni Salim Juma na gunia alilorithi kwa bibi mzee, limejaa mabaki ya ukoo ulioanzia kwa mfanyabiashara wa Gujarati na mjakazi aitwaye Bibi Taratibu. Katika *The Book of Secrets*, ya mwaka 1994, ni Pius Fernandes, mwalimu mstaafu wa Kigoa jijini Dar es Salaam, anayeletewa shajara iliyokutwa nyuma ya duka. Shajara ni ya Alfred Corbin, ofisa wa Kiingereza aliyetumwa mwaka 1913 Kikono, kijiji cha kubuni karibu na mpaka, upande wa Taveta. Fernandes anafanya afanyavyo mhariri: analinganisha tarehe, anauliza wazee, anajaza mapengo. Pengo moja linamshinda: mtoto wa Mariamu, mke wa muuza duka Pipa, ni wa nani? Wapo wasomaji wanaokasirika. Mimi nadhani angelijibu, kitabu kingeshuka hadhi. Kilitwaa tuzo ya Giller ya Kanada ilipotolewa kwa mara ya kwanza.

Tuzo hiyo aliichukua tena mwaka 2003 kwa *The In-Between World of Vikram Lall*, akawa wa kwanza kuipata mara mbili. Hicho ndicho ningempa msomaji wa Kenya aanze nacho. Vikram anakulia Nakuru wakati wa Mau Mau, anaingia ofisi za reli, kisha anakuwa kuwadi wa fedha za wakubwa, hadi anakimbilia Kanada na kuketi kuyaeleza yote. Ufisadi tuliouzoea magazetini unasimuliwa hapa na mtu aliyeshika bahasha, bila kujitetea sana.

Na ndani yake Wamaasai wamo nyumbani hasa, si wa kupigwa picha kando ya barabara. Rafiki wa babu yake Vikram, Juma Molabux, ni Mpunjabi aliyekuja kujenga reli akaoa mwanamke wa Kimaasai. Tunapokutana na bibi huyo, Sakina, ameshazeeka katika desturi za Kipunjabi, na watoto wa mtaa wanamwamkia kama nyanya yao.