Deni la Manyoya

Kwetu mbwa hujulikana kwa kazi yake. Hulinda boma usiku, huandamana na mchungaji malishoni, au huwasaidia wawindaji porini. Manyoya yake ni mafupi, hupukutika yenyewe, wala hakuna anayeyashughulikia. Kwa hiyo mtu anapomwona mwenzake ameketi barazani na chanuo mkononi, akikichana kijibwa cheupe chenye manyoya kama pamba, ni vigumu kujizuia asicheke. "Mwalimu, sasa unamsuka mbwa?" aliniuliza jirani yangu. Lilikuwa swali la mzaha, lakini ndani yake mlikuwa na shutuma, kwamba hii ni anasa ya watu walioshiba. Nimelifikiria sana swali hilo, na naona kwamba historia inalo jibu lake.

Hebu tuanze na mbwa aitwaye pudeli, ambaye wengi humjua kwa mitindo yake ya ajabu ya kunyolewa. Asili yake si sebuleni. Jina lake limetokana na neno la Kijerumani lenye maana ya kurusharusha maji, na Wafaransa humwita caniche, jina linalohusiana na bata. Alikuwa mbwa wa wawindaji, aliyetumwa kuogelea na kuleta bata waliopigwa risasi. Manyoya yake mazito yalipolowa yalimlemea, kwa hiyo alinyolewa sehemu ya nyuma. Na inaelezwa kwamba yaliachwa kifuani na kwenye viungo ili yamkinge na baridi. Mkasi, basi, ulianza kuwa chombo cha kazi. Baadaye ndipo matajiri walipoupokea mtindo ule na kuugeuza pambo.

Huko Paris, katika karne ya 18 na ya 19, walikuwako watu waliopata riziki kwa kunyoa mbwa. Walikaa kandokando ya mto Seine na kwenye daraja la Pont Neuf wakingoja wateja. Yafaa tuwakumbuke, maana picha za wakubwa hutuonyesha bibi na mbwa wake, lakini hazimwonyeshi aliyeshika mkasi. Goya, mchoraji wa Hispania, alipomchora Duchess wa Alba mwaka 1795, aliweka miguuni pake kijibwa cheupe kilichofungwa utepe mwekundu mguuni. Nani aliyekichana na kukifunga utepe ule? Picha haisemi.

Vijibwa vya jamii hiyo huitwa bichon. Vilipendwa na wakuu wa Ulaya, kisha mapenzi yakapoa, na katika karne ya 19 vikaonekana mitaani pamoja na wapiga vinanda vya kuzungusha, na katika sarakasi. Mbwa wale wale, manyoya yale yale. Mwaka 1933 ndipo Ufaransa ilipoweka rasmi vigezo vya bichon frisé, yaani bichon wa mawimbi. Hata upande wetu wa Bahari ya Hindi wako ndugu zao. Katika Bukini, kama wazee walivyoiita Madagascar, wako mbwa waitwao Coton de Tuléar, maana yake pamba ya Tuléar, mji wa bandari ambao leo ni Toliara. Walitambuliwa kimataifa mwaka 1970.

Siri ya manyoya hayo ilikuja kueleweka vizuri zaidi mwaka 2009, wanasayansi walipochapisha uchunguzi katika jarida la Science. Waligundua kwamba jeni tatu tu hueleza sehemu kubwa ya tofauti za manyoya ya mbwa: moja ya urefu, moja ya ndevu na nyusi, na moja ya mawimbi. Binadamu aliwachagua mbwa wenye sifa hizo, akawazalisha kizazi baada ya kizazi, hata akapata mnyama ambaye manyoya yake hurefuka bila kupukutika sana. Unyoya uliokufa hunaswa kati ya yaliyo hai, yakajisokota, yakawa kifundo. Kifundo huvuta ngozi, huficha kupe na vidonda, na hutunza unyevu unaoiharibu ngozi chini yake. Mbwa mwenyewe hawezi kujifungua.

Ndiyo maana kila baada ya siku mbili tatu nachukua chanuo cha chuma. Naanzia nyuma ya masikio, makwapani na mapajani, mahali vifundo vinapopenda kuanza. Namchana kabla ya kumwogesha, kwa sababu maji huvikaza vifundo. Kila kifundo nakishika kwa vidole karibu na ngozi ili mbwa asivutwe, kisha nakifumua kidogo kidogo kuanzia nchani. Kuingiza mkasi chini ya kifundo ni hatari, maana ngozi huinuka pamoja nacho na ni rahisi kuikata. Akishaoga, namkausha mpaka kwenye mashina ya manyoya.

Je, hii ni anasa? Kumtaka mbwa wa namna hii huenda ni anasa, sibishi. Lakini kumchana ni kulipa deni. Waliomtengeneza hivyo walitafuta uzuri, wakaondoka. Aliyebaki na deni ni yule anayemfuga leo. Ukipenda boga, penda na ua lake. Asiyekuwa na nafasi ya chanuo na afuge mbwa wa manyoya mafupi, wala hakuna atakayemlaumu.