Maduka ya gemu za kompyuta mtandaoni: ushindani na mikataba ya upekee

Ushindani wa maduka ya gemu za kompyuta ni mvutano wa kibiashara baina ya makampuni yanayouza gemu za PC kwa intaneti, hasa Steam ya kampuni ya Valve na Epic Games Store ya kampuni ya Epic Games, zote za Marekani. Silaha yake inayotajwa zaidi ni mkataba wa upekee: duka humlipa mchapishaji ili gemu yake isiuzwe kwingine kwa muda fulani, aghalabu miezi sita au mwaka mzima. Katika mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi, vita hivyo vimeonekana zaidi kwa sura ya gemu za bure, ambazo gharama yake ni kuzipakua.

Chimbuko

Steam ilizinduliwa Septemba 2003, mwanzoni kama chombo cha Valve cha kusasisha gemu zake yenyewe, ikiwemo Counter-Strike. Haikupendwa. Novemba 2004 ilitoka Half-Life 2 kwa sharti kwamba hata aliyenunua diski dukani lazima afungue akaunti ya Steam, na sharti hilo lililonung'unikiwa ndilo lililolijaza duka hilo watu. Mwaka 2005 Steam ikaanza kuuza gemu za makampuni mengine na kujikatia asilimia 30 ya mauzo, kiwango kilichokuja kuchukuliwa kuwa cha kawaida katika biashara hiyo nzima.

Walioijaribu Steam ni wengi. GOG, duka la kampuni ya CD Projekt ya Poland, lilifunguliwa 2008 likiuza gemu zisizo na kufuli ya kidijitali. Mwaka 2011 Electronic Arts ilianzisha Origin na kuhamishia huko gemu zake kubwa. Ikarejea Steam mwaka 2019. Ubisoft nayo ilijitenga kwa miaka kadhaa, kisha ikarudi mwishoni mwa 2022. Hao wawili walirudi walikowaacha wateja.

Epic Games na mikataba ya upekee

Epic Games Store lilifunguliwa tarehe 6 Desemba 2018 likitoza asilimia 12 tu. Siku chache kabla ya hapo Valve ilikuwa imetangaza nafuu: asilimia 25 kwa mauzo yanayovuka dola milioni 10 za gemu moja, na 20 yakivuka milioni 50. Nafuu hiyo ilikuwa ya wakubwa. Mwundaji mdogo aliendelea kukatwa 30 kama kawaida.

Fedha za Epic zilitoka kwenye gemu yake ya Fortnite, na zilitumika bila woga. Januari 2019, wiki chache kabla ya Metro Exodus kutoka, iliondolewa Steam ilikokuwa tayari inaagizwa, ikawa ya Epic pekee hadi Februari 2020. Wachezaji walijibu kwa kuzipiga gemu za zamani za Metro maoni mabaya, ingawa gemu hizo hazikuwa na kosa lolote. Borderlands 3 ilifuata Septemba 2019 kwa miezi sita. Shenmue III iliudhi zaidi, kwa sababu watu walikuwa wameichangia fedha kupitia Kickstarter wakitarajia kuipata Steam.

Tim Sweeney, mwanzilishi wa Epic, alitetea mikataba hiyo kuwa njia pekee ya kulitikisa duka ambalo wateja wamelizoea. Aprili 2019 alisema hadharani kwamba Epic ingeiacha iwapo Steam ingewapa waundaji wote asilimia 88 ya mapato bila masharti makubwa. Valve haikuchukua ofa hiyo.

Hesabu zilijulikana baadaye. Gemu ya Control iliiletea kampuni ya Digital Bros ya Italia euro milioni 9.49 kwa upekee wake. Katika kesi ya Epic dhidi ya Apple mwaka 2021, nyaraka zilionyesha kwamba kwa mwaka 2020 pekee Epic iliwaahidi wachapishaji dola milioni 444 kama kima cha chini cha mauzo, yaani fedha inazolipa hata gemu isiponunuliwa. Gemu za bure za miezi tisa ya kwanza ziligharimu dola milioni 11.6 na kuleta takriban akaunti mpya milioni 5. Ukilinganisha, zawadi ilikuwa njia rahisi mno ya kupata watu kuliko upekee.

Kesi

Aprili 2021 kampuni ya Wolfire Games iliishtaki Valve nchini Marekani, ikidai kwamba Steam huwazuia waundaji kuuza kwa bei ya chini katika maduka mengine. Novemba 2024 mahakama iliruhusu kesi hiyo iendeshwe kwa niaba ya kundi zima la waundaji. Januari 2021 Tume ya Ulaya ilizitoza Valve na wachapishaji watano jumla ya euro milioni 7.8 kwa kufunga gemu zisifanye kazi nje ya nchi zilikonunuliwa.

Nchini Kenya

Kibera na Kawangware, gemu kwa kawaida ni PlayStation: kibanda cha mabati, televisheni mbili tatu, padi zilizozungushiwa selotepu, benchi, na vijana wanaolipa kwa mechi ya kandanda. Aliyefungwa anainuka. Kompyuta ni mambo ya saiba na ya wachache wenye laptopu za mitumba. Huko gemu ya PC imekuwa faili kwa miaka mingi, inapita kutoka flashi hadi flashi ikiwa imevunjwa kufuli, na GTA San Andreas ya mwaka 2004 haijastaafu bado. Kwa mchezaji wa namna hiyo, kuwa gemu fulani iko Epic na haiko Steam ni habari za mbali.

Anayetaka kununua kihalali hukutana kwanza na kikwazo cha malipo. Steam ina bei za randi ya Afrika Kusini lakini haina za shilingi ya Kenya. Mkenya huonyeshwa dola. Gemu ya dola 60 ilikaribia shilingi 9,600 mwanzoni mwa 2024, dola ilipofika shilingi 160 hivi, kisha ikashuka chini ya 8,000 shilingi ilipopata nguvu baadaye mwaka huo. Bei dukani haikubadilika hata senti. Kadi ya benki nayo ilikuwa sehemu ya kikwazo hicho hadi Juni 2022, kampuni ya simu ya Safaricom na Visa walipoleta M-Pesa GlobalPay, kadi isiyoshikika inayotumia salio la M-Pesa, huduma ya Safaricom ya pesa kwa simu, kulipia ng'ambo.

Kikwazo cha pili ni data. Mei 2020, shule zikiwa zimefungwa kwa sababu ya korona, Epic ilitoa GTA V bure kwa wiki moja, na duka lenyewe likazidiwa na wageni. Gemu hiyo ilizidi gigabaiti 90. Kwa anayenunua bando la siku kwenye simu, bure hiyo ilikuwa ghali. Wenye nafuu walikuwa wateja wa huduma za nyumbani zisizo na kikomo, kama ile ya poa! Internet inayouzwa kwa bei ya chini katika mitaa hiyo. Kibera kuna pia TunapandaNET, mtandao wa intaneti wa jamii ulioanzishwa na Tunapanda Institute, ingawa huo umelenga masomo.

Kisa cha upekee kilichoandikwa vizuri zaidi nchini hakihusu gemu kabisa, bali mawakala wa M-Pesa. Tangu huduma hiyo ianze Machi 2007, mkataba wa Safaricom ulimkataza wakala kuhudumia kampuni nyingine ya simu. Airtel ililalamika mwaka 2012 kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, chombo kilichoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010. Julai 2014 Safaricom ilikubali kukiondoa kifungu hicho, wakati huo ikiwa na mawakala zaidi ya 80,000, na kanuni za mfumo wa malipo za mwaka huo huo zikapiga marufuku upekee wa mawakala kwa makampuni yote. Bango jekundu la Airtel likaweza kutundikwa kihalali kando ya lile la kijani. Hata hivyo M-Pesa ilibaki na sehemu kubwa kabisa ya soko. Wakala mwenye kibanda kimoja alihitaji floti ya pili ili kuhudumia mtandao wa pili, na floti ni fedha iliyolala ikisubiri wateja ambao huenda wasije. Mchezaji wa PC hana mzigo huo: programu ya duka la pili haimgharimu chochote ila nafasi kwenye diski. Lakini yeye pia hubaki kule walipo marafiki zake na gemu alizokwisha kulipia.

Waundaji wa Afrika

Aurion: Legacy of the Kori-Odan ya Kiro'o Games ya Kameruni iliingia Steam Aprili 2016. Tangu Juni 2017 mwundaji yeyote, hata wa Afrika, huweza kuweka gemu Steam kwa ada ya dola 100.

Hali ya sasa

Septemba 2023 Epic iliwaachisha kazi watu wapatao 830. Mwaka huo huo ilianzisha mpango wa kumwachia mwundaji mapato yote kwa miezi sita akikubali upekee, na tangu Juni 2025 haikati chochote katika dola milioni moja za kwanza za kila gemu kwa mwaka. Steam ilivuka watumiaji milioni 40 kwa wakati mmoja mwaka 2025. Epic bado hutoa gemu ya bure kila Alhamisi.