Ndugu wa Ng'ambo ya Songwe

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba ulioufanya Mto Songwe kuwa mpaka. Wanyakyusa wa nchi ambayo leo ni Wilaya ya Kyela wakawekwa chini ya Wajerumani, na Wangonde wa Karonga chini ya Waingereza. Watu hawa husikilizana kwa lugha, huoana na huzikana. Mto wenyewe huhama njia wakati wa mafuriko, hata shamba la upande huu likajikuta upande wa pili.

Julai 1964 Malawi ilipata uhuru, na kufikia Septemba baadhi ya mawaziri walikuwa wamekosana na Waziri Mkuu, Kamuzu Banda. Kanyama Chiume na Yatuta Chisiza ni miongoni mwa waliopata hifadhi Tanzania.

Kwa nini basi mkimbizi hubaki mgeni hata kwa jamaa wa karibu hivi? Wengi hutaja lugha, na mahali pengine ni kweli. Lakini Chiume alikuwa amesoma Tanganyika, na akaandika vitabu kwa Kiswahili. Chisiza naye alikuwa ametumikia polisi ya Tanganyika. Umaskini nao ni sababu, ila kwenye mwambao huu wa Ziwa Nyasa wenye rutuba, mwenye jamaa hakosi wa kumkatia kipande cha shamba. Mimi naona kikwazo kikubwa zaidi kilikuwa siasa za mpaka.

Sheria ya wakimbizi ya mwaka 1965 iliipa serikali mamlaka ya kuamua mkimbizi akae wapi. Mei 1967 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba mpaka unapita katikati ya ziwa, ilhali Banda alidai ziwa lote. Oktoba mwaka huohuo Chisiza aliuawa ndani ya Malawi, akiongoza kikosi kidogo chenye silaha. Ni vigumu kudhani kwamba baada ya hayo mtu wa ng'ambo aliweza kutazamwa kama jamaa tu. Kisha mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa 1969 ukataka wakimbizi, kadiri iwezekanavyo, wakalishwe mbali na mpaka kwa ajili ya usalama. Tahadhari hiyo ilikuwa na msingi. Hata hivyo, pale ambapo mgeni angepokelewa upesi kuliko kwingine kote, ndipo hasa alipotakiwa asikae.

Banda alishindwa katika uchaguzi wa Mei 1994, na Chiume akarudi kwao baada ya miaka 30 hivi. Mwaka uliofuata sheria mpya ya uraia ya Tanzania iliendeleza katazo la uraia wa nchi mbili kwa watu wazima, na aliyeoa au kulima ng'ambo ya Songwe bado alitakiwa kuchagua uraia wa upande mmoja.