Programu Yako Inadhani Mwiki ni Marekani

Wasee wa kodi, leo tuongee historia. Si ya reli wala ya wakoloni. Hii imejificha kwa dirisha moja dogo ndani ya Visual Studio, lile ambalo wengi hubofya Sawa bila kulisoma.

Ukimaliza kuandika programu ya Windows, kazi haijaisha. Bado unafaa kuijengea kisakinishi, ile faili ambayo mtu anabofya mara mbili ndio programu iingie kwa mashine yake. Unaongeza mradi wa kisakinishi, unafungua sifa zake, unapata kitufe cha mahitaji ya awali. Hapo unatiki vitu ambavyo programu yako haiwezi kuishi bila, mara nyingi .NET Framework ya toleo fulani. Halafu chini kuna swali: mteja akiwa hana hivyo vitu, vitoke wapi?

Majibu ni matatu. La kwanza, kwa tovuti ya kampuni iliyovitengeneza. La pili, palepale programu yako ilipo: folda moja, CD moja, flashi moja. La tatu, anwani ambayo utaandika mwenyewe.

Lile la kwanza huwa limeshachaguliwa kabla ufike. Na hapo ndipo mimi nina maneno.

Jibu hilo linadhani kwamba popote programu itafika, intaneti imetangulia, iko na mbio, na haimuumizi mtu mfuko. Sasa hebu turudi nyuma tuone kama tumewahi kuishi hivyo.

Mwaka 2000, Telkom Kenya ndiyo ilikuwa na haki ya kipekee ya kubeba data kwenda nje ya nchi, haki iliyodumu hadi 2004. Kebo ya intaneti ya baharini hatukuwa nayo. Data ilipanda hadi kwa setilaiti, karibu kilomita 36,000 juu, ikashuka ng'ambo. Sasa cheki hii: wewe uko Ruiru, rafiki yako yuko Nairobi, lakini kampuni zenu za intaneti ni tofauti. Barua pepe yako ilitoka Kenya, ikazunguka ng'ambo, ndio irudi kwa jirani. Na safari hiyo ililipiwa kwenda na kurudi.

Kampuni za intaneti, kupitia chama chao TESPOK, zikasema imetosha. Zikaweka Nairobi kituo cha kubadilishana data hapa hapa nyumbani, kinaitwa KIXP. Kiliwashwa Novemba 2000. Telkom ikalalamika kwamba haki yake imeingiliwa, na baada ya wiki kama mbili tu, tume ya mawasiliano ya wakati huo, CCK, ikaamuru kizimwe. Ikawa ni kuvutana zaidi ya mwaka mzima, hadi Februari 2002 kikawashwa tena, safari hii kikiwa na leseni.

Unaona? Watu walipigania swali lile lile la dirisha letu. Kile mtu anahitaji kitoke karibu au kitoke mbali? Na nani analipia umbali?

Twende mbele kidogo. Agosti 2008, Microsoft wanatoa .NET Framework 3.5 SP1. Kifurushi kamili kina karibu MB 231. Kwa modemu ya simu ya 56k, hata ikikimbia kasi yake yote bila kukatika, hiyo ni zaidi ya saa tisa. Kulikuwa na njia ya kushusha vipande unavyohitaji pekee, lakini bado ungengoja, na saiba ilihesabu dakika. Kompyuta nyingi za hapa zilikuwa na Windows XP, ambayo haikuja na .NET ndani. Kebo zikafika Mombasa mwaka uliofuata: TEAMS kutoka Fujairah ilitia nanga Juni 2009, na SEACOM ikawashwa Julai.

Kwa hivyo fundi aliyechagua jibu la pili siku hizo alishusha hizo MB 231 mara moja tu, akazichoma kwa CD ya MB 700 pamoja na programu yake, na nafasi ikabaki. Mashine kumi, ama hamsini, hakuna aliyelipa tena. Kwa folda yake, alifanya kile KIXP ilifanya kwa nchi.

Najua utaniambia, "Hizo ni stori za kitambo, siku hizi tuna fiba." Ni kweli, kuna ploti zina fiba. Lakini tembea Mwiki hii yetu ya upande wa Ruiru, uingie kwa kemisti ama kwa hadweya. Ile kompyuta ya stoki mara nyingi inakula hotspoti ya simu ya mwenyewe, na bando amenunua ya leo tu. Umwekee programu ya zamani kwa Windows 10, itaomba .NET 3.5, kwa sababu Windows 10 inakuja ikiwa imeizima, na kwa kawaida faili zake zinashushwa kwa mtandao. Bando ya mama wa watu inaisha kabla auze hata Panadol.

Simu nazo zina swali hilo. Tangu Agosti 2021, programu mpya kwa Google Play zinaletwa kama kifurushi kikubwa, halafu Google wenyewe wanakatia kila simu kipande chake. Uzuri ni kwamba unashusha MB chache. Ubaya, ile kurushiana programu simu kwa simu, kama tulivyozoea mtaani, inaweza kukataa, juu kipande cha simu yako si cha simu yangu.

Sisemi jibu la kwanza ni baya. Kisakinishi kinabaki kidogo, na mwenye .NET tayari hashushi chochote. Ninachosema ni kwamba lilichaguliwa na mtu ambaye hajui mteja wako ni nani. Wewe unamjua. Pengine anakaa ploti ya pili kutoka kwenu.

Kwa hivyo wikendi hii fungua huo mradi wako, ingia kwa mahitaji ya awali, usome lile swali polepole. Jenga. Kisha tafuta mashine ambayo haijawahi kuona Visual Studio, zima wifi, na ubofye mara mbili. Ikikataa hapo, itakataa pia kwa kemisti.